Pitch Smart: jedwali la bure la kuhesabu mirusho, na pale linapomwacha kijana

Familia inayolea mrushaji wa besiboli, yaani mchezaji anayemrushia mpigaji mpira, Marekani huuziwa mengi kabla kijana hajamaliza sekondari: kocha binafsi wa kulipwa kwa saa, mipira mizito ya mazoezi, kipima kasi, nafasi kwenye maonyesho ya vipaji ya kila wikendi. Kilicho bora kuliko vyote hivyo hakiuzwi. Ni Pitch Smart, mwongozo uliotolewa Novemba 2014 na ligi kuu ya nchi hiyo, MLB, kwa kushirikiana na USA Baseball, shirikisho la taifa la mchezo huo. Uko mtandaoni, hauna malipo, na sehemu yake ya maana inaenea kwenye karatasi moja. Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya mzazi mwenye kijana wa miaka 13 hadi 18 anayelenga drafti (siku ambayo timu za MLB huchagua wachezaji wapya kwa zamu), hasa yule aliyekulia kwenye soka Mwanza, Mombasa au Bukavu na sasa anamtazama mwanawe akiwa juu ya kituta, kile kilima kidogo anachorushia mrushaji, huko Ohio au Texas bila kujua ahesabu nini.

Uamuzi wetu: nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imepungua kwa sababu jedwali linahesabu mirusho ya mchezo tu, na mkono unahesabu yote.

Jedwali linaanza na umri. Mwenye miaka 7 au 8 asizidi mirusho 50 kwa siku. Miaka 9 na 10 ni mirusho 75, miaka 11 na 12 ni 85, miaka 13 hadi 16 ni 95, miaka 17 na 18 ni 105, na kuanzia 19 hadi 22 ni 120. Wazazi wengi husoma hapo wakafunga ukurasa. Hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayookoa viwiko, ni siku za mapumziko baada ya kurusha.

Kwa watoto wa miaka 9 hadi 14, aliyerusha mara 20 au pungufu anaweza kurusha tena kesho yake. Mirusho 21 hadi 35 inadai siku 1, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, na 66 kwenda juu siku 4. Kwa miaka 15 na 16 ngazi zinapanda: hadi 30 hakuna mapumziko ya lazima, 31 hadi 45 siku 1, 46 hadi 60 siku 2, 61 hadi 75 siku 3, na 76 kwenda juu siku 4. Kwa miaka 17 na 18 tofauti iko juu tu: siku 3 zinafika hadi mrusho wa 80, na siku 4 zinaanzia 81.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini itazame kwenye ratiba. Kijana wa miaka 16 amerusha mara 78 Jumanne. Anapumzika Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kisha anarudi Jumapili. Mwenzake wa miaka 17 aliyerusha mara 78 siku hiyo hiyo anarudi Jumamosi. Kwenye wikendi ya mashindano, siku hiyo moja ndiyo kocha atakayoigombania. Mzazi ajue ngazi ya mwanawe kabla ya mchezo kuanza, na akubaliane na kocha mapema: tukifika 75, anatoka. Ukingoja hadi mrusho wa 74, wapinzani wakiwa kwenye vituo viwili na mpigaji akiwa tayari, hakuna atakayekusikiliza.

Zaidi ya mirusho ya siku, mwongozo unaweka kikomo cha mwaka. Miaka 9 hadi 12 ni awamu 80 ndani ya miezi 12, awamu ikiwa ni zamu ya timu pinzani kupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe. Miaka 13 hadi 18 ni awamu 100, timu zote zikijumlishwa. Kisha kuna miezi 4 kila mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na ndani yake miezi 2 hadi 3 mfululizo mkono usirushe chochote juu ya bega. Mrushaji asiwe mrushaji wa michezo miwili siku moja. Asichezee timu mbili kwa wakati mmoja. Na siku asiporusha asiwekwe kudaka nyuma ya bamba (alama ya chini anaposimama mpigaji), kwa sababu mdakaji hurudisha mpira kwa mrushaji karibu kila mrusho, na mkono wake haupumziki kabisa.

Masharti haya hayakuokotwa. Utafiti wa vijana waliofanyiwa upasuaji ulionyesha kwamba waliokuwa wakirusha mara kwa mara huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano wa kuishia kwa daktari wa upasuaji mara 36 zaidi ya wenzao. Waliorusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa mara 5 zaidi. Waliovuka awamu 100 kwa mwaka waliumia mara 3 hadi 4 zaidi. Sababu ni ya kimwili kabisa. Upande wa ndani wa kiwiko kuna ligamenti fupi inayounganisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa ndani wa kigasha. Kila mrusho wa nguvu zote unaivuta karibu na mwisho wa uwezo wake, na misuli ya kigasha ndiyo inayoisaidia kubeba mzigo. Misuli ikichoka, mzigo wote unaihamia ligamenti. Kwa mtoto ambaye mifupa yake haijakomaa, kinachoumia kwanza mara nyingi ni sehemu laini ya ukuaji wa mfupa mahali hapo hapo, ndiyo maana maumivu ya ndani ya kiwiko kwa mtoto wa miaka 12 hayatibiwi kwa barafu na kurudishwa uwanjani Jumamosi. Anapelekwa kwa daktari.

Ligamenti ikikatika, dawa ni upasuaji unaoitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa Los Angeles Dodgers ambaye Dk. Frank Jobe alimfanyia mwaka 1974. Kurudi kituta huchukua kati ya miezi 12 na 18. Kijana akiumia majira ya kuchipua akiwa darasa la 11, msimu wote wa darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, umekwenda, na huo ndio msimu ambao wasaka vipaji huja na madaftari yao.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni hiyo ya kuhesabu. Chukua mchezo wa shule wa awamu sita. Kabla ya kuanza, kijana anapasha mkono pembeni kwa mirusho 30 hivi. Kituta anaruhusiwa mirusho 8 ya maandalizi kabla ya awamu ya kwanza na 5 kabla ya kila inayofuata, jumla 33. Akirusha mara 90 kwa wapigaji, kitabu cha timu kitaandika 90. Kiwiko kimerusha 153. Mirusho ya maandalizi haina nguvu sawa na ya mchezo, na jedwali limetengenezwa likijua kwamba ipo. Shida huja pale kocha anapomwamsha mrushaji pembeni mara mbili au tatu bila kumwingiza. Kijana ametumia mirusho 60, kitabu kinaandika sifuri, na kesho anaambiwa yuko safi.

Dawa yake ni daftari la nyumbani. Kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba kinatosha. Si lazima programu ya simu, ingawa GameChanger hurekodi mirusho vizuri kama mtunza kumbukumbu wa timu yuko makini. Andika tarehe, timu, mirusho ya mchezo, mirusho ya pembeni, awamu, na namna mkono ulivyokuwa asubuhi iliyofuata. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Ugumu wa misuli nyuma ya bega siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya ndani ya kiwiko, ganzi kwenye kidole cha pete na kidole cha mwisho, au kushindwa kunyoosha mkono hadi mwisho si kawaida hata kama jedwali linasema siku zimetimia.

Na uwanjani tazama uchovu wenyewe. Mrushaji aliyechoka huanza kukosa bamba kwa juu, kwa kuwa anaachia mpira mapema. Kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega. Anazunguka nyuma ya kituta muda mrefu kati ya mrusho na mrusho. Kasi inashuka maili 3 au zaidi kwa saa kutoka ile ya awamu ya kwanza. Mtoto wa aina hiyo akiwa mrusho wa 55, bado ana nafasi ya mirusho 40 kwenye karatasi na hana hata mmoja mkononi.

Kasoro ya pili: Pitch Smart ni ushauri, haina askari. Ligi nyingi za vijana zimeifuata. Upande wa shule za sekondari, tangu msimu wa 2017 kila jimbo linatakiwa kuwa na kanuni inayohesabu mirusho, lakini kila jimbo limejiwekea viwango vyake, na vingine ni vilegevu kuliko hivi. Tatizo kubwa liko kwenye klabu za wikendi. Kocha wa klabu hajui kijana alirusha mara ngapi shuleni Alhamisi, na wa shule hajui ya Jumapili. Anayejua ni mzazi peke yake. Mpelekee kila kocha ukurasa wa daftari kwa ujumbe wa simu kabla ya mchezo. Hakuna kocha wa maana atakayekasirika. Akikasirika, umeshapata taarifa uliyoihitaji kumhusu.

Sehemu inayozua mabishano zaidi ni kipima kasi. Pitch Smart inakitaja kabisa kwenye orodha ya mambo ya hatari, kwa sababu kijana akiona namba hurusha kuitafuta namba. Ripoti ya MLB ya Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji iliutia nguvu wasiwasi huo: kukimbizana na kasi, na kurusha kila mpira kwa nguvu za mwisho, ndiko kulikotajwa mbele. Papo hapo, soko la drafti linauliza kasi kwanza. Mzazi hawezi kujifanya namba haipo.

Kipima kinachofaa familia ni kile cha mfukoni cha kampuni ya Pocket Radar, kati ya dola 300 na 400, chenye usahihi wa maili 1 juu au chini. Ni chombo kizuri kikishikwa vizuri. Simama moja kwa moja nyuma ya mdakaji, nyuma ya wavu, kwenye mstari wa mpira. Ukikaa pembeni kwa nyuzi 10, mpira wa maili 88 utasomeka takriban 87. Ukikaa nyuzi 20, utasomeka chini ya 83, na hapo utamwambia mtoto ameshuka kumbe ni kiti chako. Kumbuka pia kwamba mpira hupoteza karibu asilimia 8 hadi 10 ya kasi kwenye zile mita 18.44 hadi bamba, kwa hiyo kinachotakiwa ni usomaji wa pale mpira unapotoka mkononi. Kitumie mara moja kila wiki tatu au nne, usimwonyeshe namba hadi amalize, na usikitoe kabisa katika wiki sita za kurudisha mkono baada ya mapumziko. Chini ya miaka 13 hatuoni sababu ya kuwa nacho.

Maonyesho ya vipaji ndiyo yanayovunja jedwali kuliko kitu kingine. Ada hufika mamia ya dola, kabla ya hoteli na mafuta ya gari, na kijana hupewa mirusho michache mbele ya vipima vingi. Hesabu ya mirusho inakuwa ndogo, 20 au 25, kwa hiyo karatasi haioni hatari. Lakini yote ni ya nguvu za mwisho, na mara nyingi ni Januari, ndani ya ukumbi, mkono ukiwa umeamka wiki tatu tu. Kalenda inayokaa na Pitch Smart ni hii: msimu wa shule Machi hadi Mei, klabu moja tu Juni hadi Agosti mwanzoni, mashindano machache ya vuli, kisha kufunga katikati ya Oktoba. Hadi mwisho wa Desemba hakuna kurusha, ni nguvu za miguu, mgongo na bega. Januari anaanza mita 15, anaongeza umbali taratibu, anapanda kituta mwishoni mwa mwezi kwa nusu nguvu, na katikati ya Februari yuko tayari. Wito wa Januari unakataliwa kwa barua fupi ya heshima.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa nafasi hawalitangazi: kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, makocha wa vyuo vya daraja la kwanza hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji hadi tarehe 1 Agosti kabla ya kuingia darasa la 11. Dola 600 za maonyesho ya mtoto wa miaka 13 hazinunui mazungumzo yoyote. Wekeza pesa hizo kwenye viatu, chakula na daktari wa viungo.

Je, haya yote yana uzito gani siku ya drafti? Mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu timu hazinunui kasi peke yake. Drafti hufanyika Julai, raundi 20 tangu mwaka 2021. Anayemaliza sekondari anaweza kuchaguliwa. Akiingia chuo cha miaka minne anasubiri hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akienda chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa mwaka unaofuata. Kila nafasi katika raundi 10 za kwanza ina thamani yake ya bonasi ya kusaini, na mchezaji mashuhuri anayekubali kupimwa mapema, picha za MRI zikiwemo, amehakikishiwa ofa isiyopungua asilimia 75 ya thamani hiyo. Maana yake ni kwamba daktari wa timu ataiona ligamenti kabla ya mwanasheria kuiona kalamu.

Kisa cha Brady Aiken kinaonyesha bei yake. Mwaka 2014 Houston Astros walimchagua wa kwanza kabisa akitokea sekondari ya San Diego, wakakubaliana dola milioni 6.5. Vipimo vikaonyesha jambo lililowatia shaka kwenye ligamenti ya kiwiko, ofa ikashushwa, siku ya mwisho ikapita bila saini. Machi 2015 akafanyiwa upasuaji wa Tommy John. Cleveland wakamchagua wa 17 mwaka huo, na hakufika ligi kuu. Hatudai kwamba jedwali lingemwokoa. Wapo wanaozaliwa na ligamenti isiyo ya kawaida. Lakini tangu drafti ianze 1965, warushaji waliochaguliwa wa kwanza moja kwa moja kutoka sekondari ni watatu tu, David Clyde mwaka 1973, Brien Taylor mwaka 1991 na huyo Aiken, na wote ni wa mkono wa kushoto. Timu zinaogopa mikono michanga. Familia inayoweza kuweka mezani daftari la miaka minne, lenye miezi ya mapumziko iliyoandikwa, inawapunguzia woga huo.

Kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki, njia ni nyingine. Drafti ni ya wanaosoma au kuishi Marekani, Kanada na Puerto Rico. Kijana wa Kampala husaini kama mchezaji huru wa kimataifa, kuanzia miaka 16, dirisha likifunguliwa Januari. Ndivyo Ben Serunkuma na Umar Male walivyoingia Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma akaingia Pittsburgh Pirates mwaka 2023. Jedwali lao ni lile lile, kwani kiwiko hakina pasipoti.

Dar es Salaam, ambako besiboli ya shule imekua kwa msaada wa Wajapani, kuna tahadhari ya ziada. Shirikisho la besiboli ya sekondari la Japani liliweka mwaka 2020 kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Kwa Pitch Smart, kijana wa miaka 17 akirusha 105 Jumatatu hawezi kurudi hadi Jumamosi. Hata akirusha 105 tena, wiki nzima ni 210. Kocha anayetumia kipimo cha Japani anaruhusu zaidi ya mara mbili. Hapo tungeshika jedwali la Marekani bila kusita, hasa mahali ambapo MRI ni safari na gharama.

Kasoro ya mwisho iko kwenye umri mkubwa kabisa wa jedwali. Safu ya miaka 19 hadi 22 inaruhusu mirusho 120, na siku 5 za mapumziko kuanzia mrusho wa 106. Ni vyuoni ambako inasahaulika kwa urahisi zaidi, kwenye mashindano ya mwisho wa msimu, mrushaji akirudishwa Jumapili baada ya mirusho 100 ya Ijumaa. Wakati huo mzazi hayupo benchi na kijana ni mtu mzima. Kabla ya kukubali chuo chochote, muulize kocha wa warushaji swali moja ukiwa umeketi ofisini kwake: mwaka jana, nani alirusha mara mbili ndani ya siku tatu, na mara ngapi kila siku? Takwimu za michezo ya vyuo ziko wazi mtandaoni, kwa hiyo unaweza kulinganisha jibu lake jioni hiyo hiyo.